Aliyepaka Chini ya Lori

Wiki iliyopita watu wa barabara walikuja kuziba mashimo mtaani kwetu hapa Kitengela. Waliwasha moto karibu na lango langu, wakaweka pipa la lami juu yake, na kufikia saa nne harufu ilikuwa imeingia mpaka kwenye kabati la vikombe. Majirani walifunga madirisha. Mmoja alinitumia ujumbe kwamba moshi ule ni sumu na kwamba tulalamike kama mtaa. Mimi nilifungua madirisha yangu yote, nikavuta kiti, nikakaa pale pale moshi unapopita. Nikamwona jirani huyo akinichungulia nyuma ya pazia, nikampungia mkono.

Aisifuye mvua imemnyea. Mimi lami ilininyea utotoni, nikiwa chali, ikidondoka tone moja moja kwenye paji la uso. Kwetu haikuwa kitu cha barabara. Ilikuwa kitu cha kupaka chini ya lori, kwenye upande wa chini wa mbao za sakafu, mahali ambapo hakuna mteja anayeinama kutazama. Watu wa rika langu wakikutana husimulia jinsi walivyochunga mbuzi na kwenda shule bila viatu. Hayo nami ninayo. Lakini nikiulizwa ni wapi nilipojifunza kwamba mtu anaweza kukataa, nitasema ni chini ya gari, na anayetaka kucheka na acheke.

Mama yangu alikuwa Mkikuyu wa upande wa Limuru, aliyeolewa na Mmaasai wa Kajiado wakati ambapo pande zote mbili zilidhani huo ni wazimu wa muda. Haukuwa wa muda. Kimaasai chake kilikwama kwenye salamu, kwa hivyo bomani kwetu tulizungumza Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa namna yake. Baba alikuwa na lori la kubeba ng'ombe. Aliwapakia kule Oltepesi, akapanda nao polepole mpaka Kona Baridi, injini ikilia na ng'ombe wakilia, kisha akawashusha Kitengela kwa wachinjaji. Kisha akaugua kifua. Aliugua kwa muda mfupi, hata hatukupata nafasi ya kuogopa. Alipofariki, lori lilibaki limesimama nje ya nyumba yetu, na mvua ikalikuta hapo hapo.

Baba mdogo Lemayian, aliyemfuata baba kwa kuzaliwa, alikuja baada ya matanga akiwa na fimbo yake. Alimlilia ndugu yake kwa machozi ya kweli, hilo simnyimi. Lakini siku ile hakuja kulia. Alizunguka lori, akainama, akadunga sakafu kwa fimbo kutoka chini. Vipande vya mbao vikaanguka kama mkate uliolowa chai.

“Mama Naserian,” alisema, akijipangusa mikono, “hii gari imekwisha. Sakafu yote imeoza. Ng'ombe ya mtu akivunjika mguu hapa ndani, tutasema nini? Wacha tuuze vyuma, na wewe upumzike.”

“Nipumzike wapi?” mama akauliza.

“Hata kwenu Limuru wazazi bado wako. Ukitaka kuenda, hakuna mtu atakukataza.” Akanitazama, akaweka kiganja juu ya kichwa changu kama wazee wanavyosalimia watoto. “Mtoto ako na boma yake hapa.”

Nilikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele, lakini hilo nililielewa vizuri kuliko mambo mengi niliyofundishwa baadaye shuleni. Lori likienda, mama hana kazi. Mama akikosa kazi, ataenda Limuru. Mimi nitabaki, kwa sababu ng'ombe wa mahari walitolewa, na mtoto ni wa ukoo. Nilijiondoa chini ya kile kiganja. Baba mdogo alisema wazee wangekaa kulizungumza mvua ikikatika, na akaondoka akidhani jambo limeisha.

Mimi mambo makubwa ya dunia nilifundishwa na Koko, nyanya yangu mzaa baba. Mvua ikianza, Koko alinipeleka zizini kukusanya mavi ya ng'ombe yakiwa bado laini, tukayakanda kwa mikono na kupaka nyumba yake ya miti na nyasi, kuanzia paa hadi kuta. Mavi mabichi yana joto, na yakikauka yanabana ngozi kati ya vidole. Koko alipaka kwa kiganja kizima, akiongea.

“Mwanaume ako na ng'ombe,” alikuwa akisema. “Ako na mkuki, ako na redio. Lakini enkaji, hii nyumba, hapana. Nyumba ni ya yule amepaka. Mimi nilijenga, mimi nilipaka, mzee akija anaita kwanza nje. Mimi nikisema hapana, atalala na mbuzi.”

Hivyo ndivyo ilivyo kwa Wamaasai, mke ndiye hujenga nyumba, na nyumba ni yake. Na hapo ndipo mama yangu alipochekwa. Yeye aliishi kwenye nyumba ya mabati iliyojengwa na fundi kutoka Kitengela. Hakuwa amepaka kitu. Mama Sein, mke wa baba mdogo Lemayian, alipenda kusema mtoni, akihakikisha nimesikia, kwamba mke wa Limuru ni mgeni tu, kwa maana hana nyumba. Ameazimwa nyumba ya fundi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimenuna, nikimtazama mama na mikono yake safi, nikitamani aichafue mara moja tu ili tuheshimiwe.

Basi elewa nilivyoelewa mimi kilichofuata.

Shemeji yake alipoondoka, mama alivaa suruali ya baba, akapanda kwenye lori na mtaimbo, akaanza kung'oa sakafu. Mbao zilizooza zilitoka kwa vipande, nyeusi, zikinuka mkojo wa ng'ombe. Kisha akaenda nyuma ya nyumba. Huko baba alikuwa amerundika mbao ngumu, akinunua kidogo kidogo, za kujengea nyumba kubwa aliyomwahidi. Mama alisimama mbele ya rundo hilo, mkono kiunoni. Halafu akachukua ya kwanza, akaiburuta mpaka kwenye lori.

Baba mdogo alipoona alikuja mbio. “Hizo ni mbao za nyumba ya ndugu yangu.”

“Ni mbao za nyumba yangu,” mama akasema, bila kusimama. “Aliniahidi mimi. Hakuahidi wewe.”

Mimi nikasikia: nyumba yangu. Nikaona mbao za nyumba zikiingia kwenye lori. Nikaanza kupata picha.

Alikosea mwanzoni. Alifunga mbao kwa boliti mpaka karibu nusu ya lori, akajivunia, akaingia chini kuanza kupaka, na hapo ndipo alipogundua kwamba pale ubao unapokalia chuma, brashi haifiki. Na hapo ndipo sakafu huanzia kuoza. Maji hukaa kati ya chuma na ubao kama mgeni asiye na haraka. Alilala kule chini, nikaona miguu yake tu. Kisha akatoka, akasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, akaanza kufungua boliti alizokuwa amezifunga. Baba mdogo alipita, akasema kwa sauti ya kusikika, “Huyu anashona na kufumua.” Mama aliendelea kufumua.

Safari hii alipaka kila ubao kabla ya kuufunga. Aliokota mabonge ya lami yaliyoachwa na wajenzi kando ya barabara ya Namanga, akayayeyusha kwenye debe juu ya mafiga, mbali na nyumba, akachanganya na oili chafu aliyoomba gereji moja hapa Kitengela. Akipaka ncha za ubao, alirudia na kurudia, kwa sababu ubao hunywa kwa ncha. Alipaka mashimo ya boliti kwa kijiti chenye kitambaa. Mbao zilipokaa mahali pake, akiwa ameacha nafasi ndogo kati yake ili mkojo upite uende zake, alitandika gunia chini ya lori na kupaka tena kutoka huko. Mimi nililala kando yake. Niliona tumbo la lori likigeuka jeusi na kung'aa, na uso wa mama ukiwa na madoa, na mikono yake imechafuka hadi viwiko. Sijawahi kumwona akipendeza hivyo.

“Mama, kwa nini unapaka chini na hakuna mtu anaona?”

“Barabara inaona,” alisema. “Ng'ombe wanakojoa juu, sawa, hiyo tunaosha. Lakini gurudumu inarusha matope huku chini, inashika, haikauki, na hakuna mtu anaosha. Sakafu haimalizwi na kwato, Naserian. Inamalizwa na hii kitu inakaa chini polepole.”

Sikusikia habari za gurudumu. Nilikuwa nimeshaelewa. Mama alikuwa anapaka nyumba yake. Kilichonisumbua ni kitu kimoja tu: alikuwa anapaka kwa kitu kisicho sahihi. Nilimhurumia. Nilifikiri ni kwa sababu hana ng'ombe wake mwenyewe, au kwao Limuru hakuna aliyemfundisha, ndiyo maana anajikaza na lami. Nilijua wazee wangekuja kukagua. Wangeona lami, waseme hiyo si kupaka, na mama apelekwe Limuru.

Asubuhi ambayo wazee wangekuja, niliamka ng'ombe wakitoka zizini. Nilikusanya mavi kwenye ndoo, nikaingia chini ya lori, nikapaka. Nilipaka kama Koko, kwa kiganja kizima, nikianzia pale nilipoweza kufika nikiwa nimepiga magoti. Nilifanya kazi nzuri. Hata leo nikifikiria naona nilifanya kazi nzuri.

Mama alitoka na kikombe cha chai, akaona miguu yangu.

“Naserian, unafanya nini huko?”

“Ninamalizia. Ulikuwa huna mavi, ndiyo unatumia lami. Sasa ni nyumba yako kabisa.”

Aliinama, akatazama. Sikujua kama atanichapa. Aliketi chini kwenye vumbi, chai ikamwagika, akacheka, akacheka mpaka akaanza kulia, na alipomaliza kulia akacheka tena kidogo. Hakuwa amecheka tangu tuzike baba. “Gari si nyumba, mama,” aliniambia, akinifuta uso kwa leso yake. “Mavi inashika maji. Kuja tukwangue kabla haijakauka.” Tulichukua mapanga, tukaanza kukwangua. Tulikuwa tumefika nusu wazee walipoingia.

Viti vya plastiki vya kanisa vilikuwa vimepangwa karibu na lori. Mzee wa ukoo, aliyekuwa pia mzee wa kanisa, aliomba kwa muda mrefu. Wanawake walikuwa motoni wakipika chai na nyama, kama ilivyo desturi. Baba mdogo alisema maneno yake: gari imeoza, mjane amechoka, ni huruma tu. Kisha akawaalika wazee wajionee. Akainama, akadunga sakafu kwa fimbo. Ilijibu ko, ko. Akadunga pengine. Ko. Akadunga pale ambapo hatukuwa tumekwangua, na fimbo ikatoka na mavi.

Aliiinua juu ili wote waone. “Wazee, angalieni. Huyu mama sasa anapaka gari mavi. Hii akili ndiyo tuachie gari?”

Wazee walicheka. Walicheka vile watu wazima hucheka wakijua mtu ameshindwa. Mama alisimama kando ya mlango wa dereva, panga la kukwangulia mkononi, uso umemsawijika, na nikajua angenyamaza ili asinitaje. Hasira niliyoisikia siku ile ninayo bado. Sijaimaliza na sina mpango wa kuimaliza.

“Nimepaka mimi,” nikasema. “Na mama alipaka kwanza. Ni nyumba yake. Nyumba ni ya yule amepaka.”

Kicheko kilikatika. Mtoto hasemi mbele ya wazee, na msichana ndiyo kabisa. Mzee wa ukoo aliuliza pole pole, “Nani alikufundisha hiyo?”

Macho yangu yalienda motoni, kwa Koko.

Baba mdogo alimgeukia mama yake. “Yeyo, mwambie huyu mtoto. Gari si nyumba. Nyumba haitembei.”

Koko alikuwa anachochea kuni. Alisimama taratibu, kwa magoti yake mabovu. “Lemayian,” alisema, “wewe ulizaliwa nyumba gani?”

“Yako.”

“Ile nyumba nilifungua mti kwa mti, nikafunga kwa punda, nikaleta kutoka Ewuaso wewe ukiwa mgongoni. Haikutembea?”

Koko alikusanya shuka lake, akaja hadi kwenye lori, akainama, akaingia chini. Tulisikia shanga zake zikigonga ekseli. Aliketi kwenye lile gunia la mama kama mtu aliyefika nyumbani. “Nimeingia kwa mke wa kijana yangu,” alisema kutoka huko. “Mwanaume anataka kunitoa, ainame.”

Mwana gani atamburuta mama yake kutoka kwenye nyumba ya mke wa ndugu yake? Hata kama ni nyumba ya uongo, nani atakuwa wa kwanza kushika mguu? Baba mdogo alisimama na fimbo yake yenye mavi. Na hapo ndipo Mama Sein, yule yule wa mtoni, aliweka chini sufuria ya chai. Alimtazama mume wake. Sijui kilichopita kati yao. Mambo ya watu wawili wenye nyumba ni yao. Alifunga leso kiunoni, akapita mbele ya wazee, akaingia chini ya lori. Wakamfuata wengine, wote waliokuwa motoni, wakisukumana na kulalamika kwamba lami inashika nguo. Mimi niliingia pia. Kulikuwa na joto, na harufu ya lami na mavi na mafuta ya wanawake, na mbao nyeusi juu yetu zilikuwa imara.

Mama hakuingia. Alibaki amesimama peke yake mbele ya viti, na kutoka chini niliona viatu vyake tu, viatu vya baba, vikubwa.

“Wazee wangu,” alisema, “mimi siendi Limuru. Gari ikiuzwa, siendi. Gari ikioza, siendi. Bwana yangu amelala hapa na mtoto wangu ako hapa. Sasa amueni vile mnataka, lakini mjue hiyo.”

Wazee waliamua kukaa kimya kwanza. Walikaa. Moto ulizimika. Chai ilipoa kwenye sufuria, na nyama ikatembelewa na nzi, na hakuna mwanaume pale aliyekuwa tayari kusimama na kujimiminia. Jua lilihamia kwenye viti vyao. Mwishowe nikasikia mzee wa ukoo akikohoa.

“Lemayian,” alisema, “mimi nilitoka nyumbani bila chai. Gari ikae kwa huyu mama. Si tumeona imepakwa?”

Kuna wajomba na mabinamu ambao siku hizi, wakisimulia habari hiyo kwenye harusi, husema wazee waliguswa na haki ya mjane. Nilikuwepo. Ilikuwa chai. Na mimi sioni ubaya, kwa sababu haki iliyokuja kwa njia ya chai ilikaa nasi miaka mingi, na ile wanayoihubiri harusini sijaiona ikimlisha mtu. Wanasheria nao huniambia kwamba nyumba ni nyumba na gari ni gari. Nawaambia waende wakamwambie Koko, kama wanajua alipozikwa.

Mama aliendesha lori lile mwenyewe. Baba alikuwa amemfundisha uwandani, mbali na macho ya watu, na sasa hakuona haja ya kujificha. Kila mvua ilipokaribia alikwangua matope, akayeyusha lami, akatandika gunia.

Ilikuwa msimu mmoja kama huo baba mdogo Lemayian alipokuja. Alikuwa na mafahali wa kupeleka Kitengela, na malori mengine yalikuwa yamemkatalia au yamemwangusha, sikumbuki. Alisimama mbali kidogo, akasalimu. Mama alikuwa ametoka chini ya lori kunywa maji, na brashi ilikuwa imelala juu ya debe. Akamwambia alete ng'ombe asubuhi, wangepanda pamoja. Hapakuwa na ugomvi. Baba mdogo alibaki hapo akikosa la kufanya na mikono yake. Nadhani alitaka amani na hakujua inaombwaje. Akaokota brashi, akaichovya, akapiga goti kando ya gurudumu ili ampunguzie kazi.

Mama, aliyenicheka mpaka akalia, mama aliyeniambia kwamba gari si nyumba, aliweka kikombe chini upesi kuliko nilivyowahi kumwona akifanya jambo lolote. Alimfikia kabla brashi haijagusa ubao, akaitoa mkononi mwake, kwa upole.

“Asante, Baba Sein,” alisema. “Wewe leta ng'ombe tu. Kupaka ni kwangu.”

Kisha akampa kitambaa, akasimama hapo akimtazama mpaka alipofuta mikono yote, kidole kwa kidole.